Nilivyomuua Mama wa Uji

Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Juni, ndipo nilipoanza kusema uongo mbele ya kamera. Saa ninaikumbuka kwa sababu treni ya mizigo ilikuwa inapita hapa Goweko, na mshika maiki akatuamuru tunyamaze hadi iishe. Mimi sikuhitaji kuamriwa. Kunyamaza ndiyo kazi yangu. Nipo kidato cha tatu na kuna walimu wawili wanaodhani nilishahama.

Watu wa filamu walikuwa watatu: mwongozaji, mpiga picha na huyo wa maiki. Walitoka Dar kutengeneza filamu ya kumbukumbu ya njia ya misafara, ile ambayo babu zetu waliifuata kwa miguu hadi pwani, pembe za ndovu mabegani. Walimtaka bibi yangu kwa kuwa mama yake alizaliwa njiani humo. Kiswahili bibi anakijua, anauzia nacho karanga kila gulio, lakini mwongozaji alitaka aongee Kinyamwezi. Alisema kinaleta uzito. Basi akahitajika mkalimani, na baba, badala ya kujitolea yeye, akanisukuma mgongoni. "Huyu anasoma," akasema.

Nikakaa kushoto kwa bibi. Sikio lake la kushoto lilishakufa. Sikupanga, naapa, ndipo kigoda kilipokuwa. Na sauti yangu mbele za watu huwa kama ya mbu mgonjwa, ikabidi wanibandike maiki ndogo kwenye kola.

Kabla hatujaanza bibi akamuuliza mwongozaji, "Kwenu wapi, baba?"

"Mzaramo mimi, bibi. Wa Kisarawe."

Bibi akatabasamu mpaka nikaliona lile jino lake la pekee la nyuma. Hapo hapo nilipaswa kujua kinachokuja. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wenyewe ulizaliwa kwenye njia hiyo hiyo waliyokuja kuipiga picha. Lakini mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya blauzi yangu. Viko sita.

"Bibi, tueleze vita vya njiani," mwongozaji akaanza.

Bibi akajibu kwa Kinyamwezi, uso mkavu kama hakimu: "Vita gani? Babu zake huyu walipoona pembe mabegani mwetu walidhani tembo mwenyewe anakuja. Wakakimbilia juu ya minazi. Hawajashuka mpaka leo. Huyu sijui nani kamteremsha."

Mgeni wa watu, na kamera yenye thamani kuliko nyumba yetu, nimwambie ukoo wake uko juu ya mnazi? Mwingine angecheka na kutafsiri. Mimi nimelelewa na banda la video la jirani, zile sinema za kivita zilizotafsiriwa, ambamo mtafsiri akishindwa kuelewa anaongeza risasi.

"Bibi anasema," nikanong'ona, "maadui walipanda miti. Wakajificha. Wakawamiminia mishale."

Mwongozaji akamfinya mpiga picha. "Endelea, bibi!"

Bibi akaendelea, safari hii taratibu, mikono imetulia mapajani. "Bibi yangu alishikwa na uchungu karibu na pwani. Msafara haukungoja. Mama mmoja wa Kizaramo akamwingiza kwake, akampikia uji siku arobaini, hadi akapata nguvu ya kurudi na mtoto. Mtoto huyo ndiye mama yangu. Mwambie mtani: wengine wote walikuwa minazini, yule mama peke yake ndiye aliyekuwa chini. Hatujamsahau."

Sasa uji ningeupika wapi, wakati nimeshajaza maadui kwenye miti? Nikasema mama mmoja alimficha bibi yake kichakani. Nikasema maadui walimkuta mama huyo. Nikasema walimchoma mkuki.

Mwongozaji akavua kofia. Mshika maiki akapenga kamasi. Hata mimi machozi yalinilenga, kwa uongo wangu mwenyewe, mjinga nisiye na mfano.

Jioni, tukila matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, yule mtani ana nini? Nimempiga na minazi, kimya. Nimempa mama yake mwenye uji, akavua kofia kama yuko msibani. Hata neno la kunirudishia hana."

"Labda hajazoea, bibi."

"Mzaramo hajazoea utani! Huyo kanidharau. Mtani asiyejibu anakukatalia undugu." Akaisogeza sahani. "Nilitaka, kabla sijafa, mtoto wa kule asikie kwamba tunakumbuka. Kasikia. Kanyamaza."

Nilizitazama karanga zangu. Watu wa filamu wangeondoka kesho yake saa mbili. Ningekaa kimya tu, kama desturi yangu, mambo yangekwisha: wao wangebaki na vita vyao, na bibi angekufa akiamini kadharauliwa na mtu ambaye hakuambiwa kitu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nje ya nyumba ya wageni nyuma ya stesheni. Nilizunguka kisima chao mara tatu nikifanya mazoezi ya kusema. Mwongozaji akatoka na kikombe cha maji, mswaki mdomoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mkalimani! Vipi?"

Mazoezi yote yakapotea. "Hakuna aliyeuawa," nikasema.

"Nani?"

"Mama wa uji."

Nikamweleza yote, povu likimkaukia kidevuni: miti ni minazi, maadui ni babu zake, mkuki ni wa banda la video. Akatema, akakaa kwenye ngazi.

"Siku arobaini?"

"Ndiyo."

"Mama wa kwetu."

"Ndiyo."

Akalifuta povu kwa kiganja. Nikaanza kuhesabu vifungo. Kisha akauliza, "Na kasema hatujashuka?"

"Kasema hajui wewe nani kakuteremsha."

Alipiga kelele kuwaamsha wenzake, mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Safari nzima ya kuja kwetu alikuwa mbele yangu. Hakubisha hodi. Alianzia barabarani:

"Bibi! Minazi tulipanda kukwepa harufu yenu! Miezi mitatu mnatembea hamjaona maji!"

Bibi, aliyekuwa anamwagia kuku pumba, akaliacha sinia lianguke. "Kasuku kapata ulimi!" akamjibu kwa Kiswahili. "Umekuja kufuata uji uliobaki?"

"Nimekuja kusikia habari za mama yangu," akasema mwongozaji, akaingia uani na kukaa chini kwenye mkeka.

Mpiga picha akafungua mkoba wake. Mimi nikachukua kigoda changu, nikakihamishia kulia kwa bibi, upande wa sikio linalosikia.