Jirani Aliyeacha Kumtukana Bibi

Juzi nilitukanwa kwenye foleni ya mkate, huku Dar es Salaam. Mwanamume mmoja alidhani nimempita makusudi, akanitolea tusi la nguoni, lile la mama, refu kiasi kwamba watu wa mbele waligeuka kutazama nitafanya nini. Nilitakiwa kukasirika. Badala yake nilijikuta nalibonyeza lile tusi kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni. Lilikuwa bovu. Halikuwa na picha yoyote, wala halikunihusu. Angeweza kumwambia mtu yeyote aliyevaa sketi. Nikamwambia, "Kaka, lakini hata hunijui." Akazidi kupandisha sauti, nami nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka jirani yetu wa Ipuli, kule Tabora, ambaye matusi yake yalishonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa bibi yangu.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika miaka ile ya mwanzo ya Azimio la Arusha, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila ukuta ulikuwa na maneno ya chokaa. Asubuhi ya Ipuli ilianza na honi ya gari moshi, ukafuata mchi wa bibi kwenye kinu, halafu kengele za baiskeli. Kengele hizo zilikuwa za jirani, fundi baiskeli. Alikuwa Mzaramo. Reli ndiyo iliyomleta Tabora akiwa kijana. Kazi ya reli ikamwacha, yeye hakuiacha Tabora. Kazi yake aliifanyia barazani, ukuta wetu na wake ukigusana, na kila kengele aliyoitengeneza aliijaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akisha kuzijaribu, alikuja kwenye uwa wetu wa mabua na kikombe kitupu mkononi.

"Mpagazi! Bado hujafa?"

"Nife nikuache na nani, kichwa cha nazi? Ukibaki peke yako utatafuna mipira ya baiskeli."

"Babu yako alikuja pwani na pembe za ndovu kichwani, akarudi kwao na kaniki kichwani. Akili aliisahau njiani, Ugogo, na mpaka leo Wagogo wanauliza ni ya nani."

"Na babu yako alilala chini ya mnazi akingoja nazi ianguke. Ikaanguka. Ndiyo ukazaliwa na sura hiyo."

Baada ya hapo bibi alimjazia kikombe uji, akamwekea na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani mpaka vinavutana na meno, pamoja na karanga za kukaanga. Jirani alikula huku akilalamika kwamba amelishwa kamba.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote. Nimewauliza wazee wengi utani huo ulitoka wapi. Wote wanakubaliana kwamba ulianzia kwenye njia ya misafara, babu zetu wakipita Uzaramo na mizigo; baada ya hapo kila mmoja ana habari yake. Mmoja anasema waligombea maji, mwingine anasema walipigana, wa tatu anasema walioana. Siamini hata mmoja wao, ingawa wote walisimulia kama waliokuwepo.

Utotoni lakini sikuulizia historia. Swali langu lilikuwa jingine. Bibi alikuwa mtu wa swala tano na hakuruhusu tusi lipite kinywani mwa mtoto. Neno "mbwa" peke yake lilitosha kukuoshesha masufuria yote ya nyumba. Lakini yeye mwenyewe akijikata kisu, au mchi ukimwangukia mguuni, alipiga kelele moja tu: "Mzaramo wee!" Na papo hapo uso wake ulilegea, kama aliyepakwa dawa. Nikaamua kufanya uchunguzi. Siku moja nilijikwaa kwenye figa la jikoni, kidole gumba kikawaka moto. Nikasema, "Sabuni wee!" Maumivu yakabaki palepale. Nikajaribu, "Sufuria wee!" Bado. Nikasema, "Mzaramo wee!" Nakuapia, yalipungua.

Nikamuuliza bibi kwa nini sabuni haifanyi kazi.

"Sabuni imekukosea nini?" akasema.

"Na jirani amekukosea nini?"

"Amezaliwa."

Jambo la pili lililonisumbua lilihusu muuza asali. Alipita siku moja na madebe yake, akawasikia wale wawili wakirushiana maneno, akaona ni mchezo wa kila mtu. Akamwita bibi mpagazi. Upawa ulimfuata mpaka barabarani. Nilibaki nimeduwaa: neno lilikuwa lilelile! Jirani ndiye aliyeuokota upawa, akaufuta vumbi, akaurudisha, akasema kwa hasira ya kweli, "Watu wengine hawana adabu."

Basi akaja mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa kijana mpole, suruali yake imenyooshwa mpaka inakata, na alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi alijiandikisha siku ya kwanza. Alasiri nilikaa nje ya dirisha la darasa nikisikiliza wazee wakiimba ba, be, bi, bo, bu kwa sauti za watu wanaoomba mvua. Mwalimu alimpenda bibi; alimwita mfano wa darasa. Ndiyo maana yakatokea yaliyotokea, kwa kuwa siku moja jirani alipita na baiskeli ya mteja, akasimama dirishani akapaza sauti:

"Msimfundishe huyo! Mpagazi akijua kusoma, atausoma mzigo badala ya kuubeba!"

"Pita, kichwa cha nazi, watu tunasoma!" bibi akajibu bila kugeuza macho ubaoni.

Darasa zima lilicheka, na ambaye hakucheka ni mwalimu peke yake. Kwake yeye, mwanamume alikuwa amemdhalilisha mama mtu mzima mbele ya watu, tena ndani ya kisomo, na yule mama maskini alikuwa amezoea kudhalilishwa mpaka haoni. Nimefikiria sana baadaye, na siwezi kusema alikuwa na nia mbaya. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Balozi alikuwa mtu wa pale pale, utani anaujua, lakini alikuwa akiogopa watu wenye kalamu mfukoni. Tena siku zile ilisemekana lori lingekuja kuwachukua wakazi wa mjini wasio na shamba wala kazi inayoeleweka, wapelekwe kijiji kipya huko njia ya Igunga. Jirani hakuwa na shamba. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na pampu, spana na baraza. Balozi akamwita, akamwambia mbele ya mwalimu kwamba mtu anayetukana wanakisomo anapinga maendeleo, na kwamba watu wa namna hiyo ndio lori linaowatafuta. Kuanzia kesho yake amwite bibi ndugu.

Asubuhi kengele zililia kwa muda mfupi. Jirani akaja kwenye uwa bila kikombe.

"Habari za asubuhi, ndugu."

Bibi aligeuka nyuma kutazama nani anasalimiwa. Hakumwona mtu.

"Unasema na mimi?"

"Ndiyo, ndugu. Umeamkaje?"

"Nimeamka," bibi akasema taratibu. "Njoo unywe uji."

"Ahsante, ndugu. Nimeshiba."

Akaondoka. Bibi alibaki ameushika upawa hewani mpaka uji ukaungua.

Mwanzoni alidhani jirani amesikia jambo huko zahanati, kwamba kifua chake yeye bibi kina ugonjwa mbaya na watu wanamficha. "Ananionea huruma," aliniambia. "Mzaramo ananionea huruma mimi!" Kisha akaanza kutafuta kosa lake, akirudia yote waliyoambiana, kama kuna neno lililokosea njia. Kila asubuhi "ndugu" ilikuja, na kila asubuhi matobolwa yalirudi chunguni. Akaanza na yeye kutokula. Siku moja mchi ukamponyoka ukampiga mguuni. Akafumbua kinywa, akatazama upande wa uwa, akakifunga. Alikaa chini, akaushika mguu. Mimi ndiye niliyelia.

Habari ya lori niliipata kwa watoto wa balozi, ambao hawakuweza kutunza siri hata ya chakula cha mchana. Nilimwambia bibi nikidhani atafarijika. Alisimama, akajifunga kanga nyingine juu ya ile aliyovaa, jambo alilolifanya kwenye misiba na kwenye ugomvi tu, akaenda kwa balozi. "Nimekuja kushtaki," akasema.

Baraza lilikaa Jumapili asubuhi uani kwa balozi. Watu walijaa, wengine walikuja na vigoda vyao. Jirani alisimama kando, kofia mkononi, amekonda.

"Haya, mama," balozi akaanza. "Unamshtaki nani?"

"Huyu Mzaramo. Ameacha kunitukana."

Watu waliangua kicheko, balozi akapiga meza. Mwalimu alisimama, akasema kwa upole, "Bibi yangu, sisi tumekulinda. Wewe huna haja ya kuvumilia matusi tena."

"Marahaba, mwalimu, ingawa hukunisalimu. Nieleze. Tusi ni kitu gani?"

Mwalimu alifurahi kuulizwa swali. "Tusi ni neno linalomuumiza mtu."

"Umesema vizuri. Basi mimi mwaka huu neno lililoniumiza ni ndugu. Chakula hakinipiti. Muulize mjukuu wangu."

Watu wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa kwa nguvu kukubali.

"Lakini ndugu ni neno zuri!"

"Kwa wengine. Huyu akiniita ndugu amenifungia mlango."

Balozi akamgeukia jirani. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nafuata maelekezo, ndugu mwenyekiti," jirani akasema, akitazama vidole vya miguu yake.

Bibi akasonya, msonyo mrefu uliofika mpaka barabarani. "Mnamwona? Lori halijafika, mwenzenu ameshajikunja kama mzigo! Babu zetu walitembea na pembe za ndovu mpaka baharini hawakutetemeka. Huyu mtoto wa pwani anamtetemekea kijana mwenye chaki!"

Masharubu ya jirani yalicheza. Alimtazama mwalimu, akamtazama balozi, akabana midomo. Niliona jasho likimtoka. Alikuwa na nyumba ya kupoteza, na baraza, na mji mzima.

"Sema," bibi akamwambia kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kunibembeleza nile nikiwa mgonjwa. "Sema, nipo hapa."

Jirani akavaa kofia yake.

"Wewe mwanamke!" akalipuka. "Una uso kama tandiko la baiskeli lililonyeshewa masika mawili! Babu yako hakuwahi kuwinda ndovu hata mmoja! Bibi yako ndiye aliyekuwa akipiga kelele kama hizi zako, ndovu wakifa wenyewe, yeye akiokota pembe! Unakuja kunishtaki kwa mdomo huo? Na matobolwa yako ni magumu, yameniua meno, na kila siku nayaota!"

Bibi alikaa chini, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Alhamdulillahi," akasema.

Balozi alisubiri kicheko kitulie. "Ndugu mwalimu, kwa maelezo yako, huyu ameumia?"

Mwalimu alimtazama bibi. "Inaelekea hajaumia," akasema.

Hukumu ikawa kwamba watukanane watakavyo, ila wakati wa kisomo wanyamaze, maana darasa halisikii. Kuhusu lori, balozi alitamka kwamba ufundi baiskeli ni kazi inayoeleweka kabisa. Hakuna aliyebisha, ingawa wote tulikuwa tumeiona baiskeli ya balozi imepinduliwa barazani kwa jirani, inangoja tairi.

Mwalimu hakuridhika. Alituambia utani ni mabaki ya ukabila na ipo siku utatukwamisha. Nilimcheka wakati ule. Sasa simcheki sana. Nimejiuliza: kama bibi angekuwa haupendi, nani angemuuliza? Utani hukuruhusu mengi, lakini haukupi nafasi ya kusema sitaki. Wazee niliowauliza walinijibu kwa kunitania.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Nilifika Ipuli nyumba ikiwa imejaa watu. Jeneza lilipotaka kutoka, jirani alikuwa amelala mlangoni, amejinyoosha kizingiti kizima, mzee sasa, mvi tupu.

"Hatoki mtu hapa!" akapiga kelele. "Maisha yote mpagazi, leo yeye ndiye mzigo! Wanaume wazima wanatokwa jasho! Haya niambie, wewe mwanamke, leo nani mpagazi?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka, kama ilivyotakiwa. Kisha jirani akanyamaza, ameinua kichwa kidogo kutoka sakafuni, sikio limeelekea kwenye jeneza. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemwambia asogee. Sote tulisimama pale tukingoja naye, mpaka yeye mwenyewe akajizoa polepole, akaegemea ukuta, wakapita.

Ipuli ya leo ni ya watu wenye adabu nzuri. Vijana wanajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, wanalisema kama jambo la shuleni, halafu wanasalimiana na kupitana. Matusi nayo yapo mengi kuliko zamani, na ya nguvu. Lakini mtu akishalitoa lake anaondoka. Sijaona tena aliyetukana, kisha akabaki amesimama, akingoja kujibiwa.