Jina la Baba Mkwe kwenye Santuri

Milembe alikuwa mwimbaji wa bendi ya jazi ya chama cha ushirika cha pamba, Bariadi, na enzi zake hakuna sherehe ya mavuno iliyonoga bila yeye. Lakini alichojivunia ni santuri moja tu: nyimbo nane za Mahona, manju aliyetunga na kuimba ngoma kijijini Ngulyati, alizozirekodi mwaka ule ule mzee alipofariki. Mahona alikuwa baba mkwe wake. Akiwa kitandani alimwambia, "Ng'ombe wangu, wanangu watagawana. Wewe jina langu waachie watu." Milembe akaitikia, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa.

Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, hata mzee akiwa kaburini. Na Mahona alikuwa na majivuno ya kimanju: alijitaja kwenye ubeti wa mwisho wa kila wimbo. Milembe akifika hapo alinyamaza, gitaa likapita peke yake, kisha akaendelea. Haikuwa neno, kwa sababu mumewe, Nyanda, alihakikisha jina la baba yake limechapwa kwa herufi kubwa kwenye ganda la santuri.

Halafu yakaja mageuzi. Wanunuzi binafsi wa pamba walimwagika, ushirika ukafa kifo cha aibu, magitaa yakauzwa kwa bei ya kutupa. Nyanda naye akafariki. Mchwa walikula lile ganda, paa likavuja, karatasi ya katikati ya santuri ikabanduka. Ikabaki sahani nyeusi tupu, ambayo Milembe aliifunga kwenye kanga.

Mwaka tisini na sita akaja Josia, dalali wa muziki kutoka Mwanza, mtu wa haraka na si Msukuma. Alisema kuna Wazungu wanaotaka kuitoa upya, santuri nzito, sauti iliyosafishwa, kwa wale watu wanaosikiliza muziki kama wako kanisani.

"Nyimbo hizi katunga nani, mama?"

"Baba mkwe wangu."

"Jina lake?"

Milembe akainama. "Baba yake Nyanda. Ukipita kijijini Ngulyati, mwanangu, ni hapo tu. Yeyote atakutajia."

"Yaani wewe hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulisema."

Josia akaona bibi kasahau, anaficha aibu. Milembe alimsihi amngoje binti yake, Shida, aliyekwenda mnadani. Yeye angemtajia jina la babu yake bila taabu. Josia akasema gari halingoji. Akaondoka na sahani, na Ngulyati hakusimama hata kunywa maji.

Miaka miwili baadaye kifurushi kikafika. Ganda lilikuwa zuri kupita kiasi, na picha ya shamba ambalo si la Bariadi. Shida akasoma nyuma: "Nyimbo za jadi. Mtunzi hajulikani."

"Soma tena," alisema Milembe. Shida akasoma tena, maneno yakawa yale yale.

Wakaenda Somanda, kwenye baa moja yenye gramafoni iliyokuwa bado nzima. Kwa kweli mafundi walioisafisha sauti waliijua kazi yao: vidole vilisikika vikiteleza kwenye nyuzi. Ulipofika ubeti wa mwisho wa wimbo wa kwanza, Milembe wa zamani akanyamaza, na ndani ya kile kimya pumzi yake ikasikika, safi kabisa, ikilizuia jina.

"Mayu, mama yangu, si ungesema tu?" Shida alilia kwa hasira. "Mara moja tu!"

Milembe alisogeza kiti karibu na spika, akangoja wimbo wa pili ufike pale pale.

"Mahona," akasema.

Sauti ilikuwa ya kizee, ikikwaruza, na wanywaji wakageuka. Mwanamke mmoja mtu mzima akaweka mkono mdomoni. Milembe hakumtazama. Nyimbo zilizobaki zilikuwa sita, naye alilitaja katika kila moja, mahali pake hasa, mpaka sahani ikaisha. Huko ziliko nakala nyingine, pale pale palikuwa kimya.