Maji ya Moto ya Mkwe

Dafroza alikuwa mwanamke wa Kiriba aliyeolewa Musoma mjini, na ukiacha ndoa yake ya kanisani, hakuna kitu alichojivunia kama hita yake ya kuchemshia maji. Miaka ile ya shida, watu walipopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu, yeye alifua kwa majani ya mpapai na hakumsumbua mtu. Kisha biashara ikafunguliwa. Jirani yake Boke akaanza kwenda Sirari, mpakani na Kenya, na kurudi, na safari moja akarudi na hita, chuma kilichojiviringa kama utumbo wa kuku, wakabadilishana kwa dagaa ambao Dafroza aliuza sokoni. Plagi hakuja nayo. Biashara huria ilikuwa imefika kwenye hita, kwenye plagi bado.

Hilo halikumsumbua mumewe, Masatu. Aliunga waya mrefu, kiungo akakizungushia kipande cha mfuko wa nailoni, ncha mbili akazichomeka kwenye soketi zikiwa uchi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Mtaa mzima ulifanya hivyo, na waliokufa kwa ajili hiyo hawakuwa wengi.

Lakini hita haikutafutwa kwa ajili ya Masatu, ambaye aliendelea kuoga ziwani kama baba yake. Ilitafutwa kwa ajili ya mkwe. Binti yao Dorotea alikuwa ameolewa na Machage, kijana wa wafugaji anayefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda na kuishi Manyamanyama. Machage alikuwa na kovu begani, na kovu lile lilikuwa na sifa zake: alilipata akiwafukuza wezi wa ng'ombe usiku, peke yake, kwa rungu. Dafroza alimpenda mkwe huyu kupita kiasi, ila hakuwa na namna ya kumwambia. Mama mkwe hamsemeshi mkwe wake. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, na chumba anacholala mkwe hakanyagi hata kwa kufagia. Sasa mwanamke atamwonyeshaje upendo mtu ambaye hata salamu hampi? Dafroza alipata jibu: atamwogesha maji ya moto.

Kila Dorotea na mumewe walipokuja, mpango ulikuwa mmoja. Walilala chumba cha uani, ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa bafu. Waya ulitoka kwenye soketi ya chumbani, ukapita dirishani, ukaingia bafuni hadi kwenye ndoo ya bati. Dorotea alisubiri maji yachemke, akachomoa nyaya, akatoa hita, ndipo akamwita mumewe. Baadaye Dafroza alimuuliza binti yake kwa sauti ya mtu asiyejali, "Mwenzio anasemaje juu ya maji?"

"Anasema hajawahi kuoga maji kama haya, mama."

Dafroza alikwenda na jibu hilo sokoni, akaligawa bure kama nyongeza ya dagaa.

Asubuhi moja ya Jumamosi Dorotea aliweka hita kwenye ndoo, na muda si muda umeme ukakatika. Halikuwa jambo la ajabu. Alimwambia mumewe asubiri, akachukua kikapu kwenda mwaloni, wanakoshukia wavuvi, kutafuta sato kabla hawajaisha. Masatu alikuwa ametoka. Dafroza, aliyekuwa akipepeta mchele nyuma ya jiko, alisikia mlango wa bati wa bafu ukifungwa, kisha mtu akijikohoza kiume. Mkwe alikuwa ameingia kuoga.

Dafroza akautazama waya, ukiwa umeingia bafuni kama kawaida. Hakuna aliyezichomoa zile nyaya. Umeme wa Musoma ulikuwa na tabia ya kurudi bila hodi, na mtu wake alikuwa mle ndani, kalowa, na mikono kwenye ndoo ya bati.

Ungo ukamponyoka. Kuuvuta waya kutoka nje hakuthubutu, maana kiungo cha nailoni kilikuwa pale pale chini ya dirisha. Upande mmoja kulikuwa na bafu lenye mkwe uchi, upande mwingine chumba cha mkwe. Katika dunia nzima hizo ndizo sehemu mbili ambazo hakutakiwa kufika. Alimwita Boke, Boke alikuwa Sirari. Bafuni maji yakasikika yakimwagika, na Dafroza, kwa macho ya moyo, akamwona binti yake amevaa nguo nyeusi za ufiwa.

"Machage!" aliita. "Usiguse hayo maji!"

Kule ndani kukawa kimya.

Kimya kile ndicho kilichommaliza. Alijua kabisa kwamba mkwe mwenye adabu hamjibu mama mkwe wake. Alijua pia kwamba mtu aliyepigwa na umeme hajibu. Aliita tena, kimya. Basi akaingia chumbani, akapita kitanda cha mkwe na suruali ya mkwe iliyotundikwa, akafunga macho, akamtaja Bikira Maria na kuzing'oa nyaya pamoja na njiti zake. Alipogeuka, Machage alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kiunoni, mzima, povu masikioni. Wakatazamana. Kisha kila mmoja akageukia ukuta wake, wakabaki hivyo mpaka Dorotea aliporudi na sato.

Umeme ulirudi Jumatatu.

Katekista alisema Mungu hana neno. Shemeji yake Dafroza kutoka Kiriba alisema Mungu hana neno ila mila zinadai mbuzi. Mbuzi akachinjwa, na katekista akaja kula. Dafroza aliyavumilia yote, hata utani wa sokoni, kwa sababu mkwe alikuwa hai na ni yeye aliyemwokoa.

Ndipo Dorotea akashindwa kujizuia.

"Mama, yule huwaga haogi yale maji. Anaogopa ule waya. Anachotaga kwenye lile pipa la bafuni, maji ya ziwani, halafu ya moto anamwaga chini usijue. Siku ile aliwahi kuingia umeme ukiwa haupo, achote haraka kabla haujarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mimi nilimfumania mara moja tu. Akaniambia, mama yako asijeumia moyo."

Dafroza aliumia moyo. Mtu aliyefukuza wezi kwa rungu alikuwa ametetemeka kwa baridi mwaka mzima, kwa adabu tu, na yeye sokoni akijisifu. Usiku ule hakulala vizuri.

Pasaka walikuja tena. Hita ilibaki kwenye msumari wake. Dafroza aliwasha kuni uani, moshi ukamtoa machozi, na maji yalipochemka aliyapunguza kwa ya baridi, akaipeleka ndoo mwenyewe hadi kwenye mlango wa bati, akaiweka chini na kugeuka haraka aondoke. Nyuma yake mlango ulifunguliwa kidogo, ndoo ikaburutwa ndani. Dafroza akasita, akasikia maji yakimwagikia mwili mara moja, mara mbili. Kisha, kutoka bafuni, sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikisema naye ikasema polepole:

"Mama, haya maji nimeyaoga."