Mwano Nilioupiga Kwenye Usaili

Habari hii sijawahi kuieleza yote mbele ya watu, na hata sasa ninapoiandika masikio yananiwaka moto, kwa sababu kuna aibu za kuteleza sokoni ambazo mtu huinuka akajipangusa vumbi na kuendelea na safari, halafu kuna hii yangu, iliyokuja na filimbi, marungu, pinde na ng'ombe wawili wasio na hatia, na kushuhudiwa na nusu ya kijiji chetu cha Didia pamoja na walimu watatu waliokuwa wamekaa ndani ya simu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sosholojia na kurudi nyumbani, nikakaa miaka miwili nikituma maombi ya kazi na kubishana na kila kitu. Nilibishana na katekista kuhusu moto wa toharani, nikabishana na mama kuhusu mchele kuoshwa mara tatu (kwa nini si mbili?), nikabishana hata na redio. Kitu kimoja tu sikuwahi kukibishia, nacho ni ile ndoto yangu ya kusimama kwenye jukwaa lenye taa, ninaongea, halafu maneno yenyewe yananyanyuka yanakuwa wimbo, na miguu inaufuata wimbo, na watu gizani wanasahau kukohoa. Nimeiota tangu nikiwa kwaya ya watoto. Niliiota hata kwenye chumba cha mtihani wa takwimu, ndiyo maana takwimu nilirudia.

Basi nikaona tangazo la chuo kimoja cha sanaa huko pwani, wanafundisha maigizo ya muziki, na fomu yao nikaijaza kwa siku nne. Walitaka picha ya uso na picha ya mwili mzima, barua ya kueleza kwa nini unataka kuimba (nani anajua kwa nini anaimba?), halafu usaili wa moja kwa moja kwa simu ya video: igizo fupi, maswali, na mwisho wimbo. Walisema wazi kwamba asiyemaliza sehemu zote tatu hapewi alama.

Baba alisoma ile fomu kwa miwani yake ya kusomea, akaikunja vizuri.

"Shahada unayo. Sasa unataka kwenda kusomea kuimba. Kanisani si unaimba bure?"

"Baba, ni taaluma."

"Sawa. Jaribu mara moja. Wakikukataa, unakwenda kufundisha pale sekondari kwa rafiki yangu, na habari ya kuimba inaisha humu ndani. Tumeelewana?"

Tulielewana. Kwa hiyo ule usaili haukuwa usaili tu, ulikuwa ndio mlango wenyewe, na mlango ulikuwa mmoja.

Nyumbani kwetu mtandao hukamata vizuri sehemu moja tu, juu ya jabali lililoko nyuma ya zizi. Nilipanda saa kumi jioni nimevaa kitenge cha mama na shati jeupe, nikaegemeza simu kwenye jiwe, nikajiangalia kwenye kioo chake. Ilikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Majaruba yote chini yalikuwa yamejaa maji, na kila jaruba lilikuwa na kipande chake cha mbingu, na akina mama walikuwa wameinama ndani ya mawingu wakichomeka miche, na yangeyange weupe wakitembea katikati yao kama wageni waliokuja kukagua kazi. Upepo ulikuwa laini. Nilihisi (msicheke, nilihisi kweli) kwamba jukwaa nililoota maisha yangu yote lilikuwa limenifuata mpaka pale na kujitandika miguuni pangu.

Walimu wakatokea kwenye skrini, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani myekundu, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza. Nikawaamkia, nikaanza igizo langu. Nilikuwa nimelitunga mwenyewe: mwanamke mjane anaamka anakuta zizi tupu, ng'ombe wote wameibwa, anatoka nje na kupiga mwano.

Kwa asiyetoka kwetu, mwano ni yowe la hatari. Aliyeibiwa au kuvamiwa anaupiga, nyumba inayousikia inaupokea na kuupeleka nyumba inayofuata, na kila mwenye miguu anaacha anachofanya na kukimbilia ulikotokea. Asiyekwenda anajibu mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Anayeupiga bure anajibu zaidi. Haya yote niliyajua, tena niliyaandikia insha mwaka wa mwisho, nikadai kwamba mwano umekufa, umeuawa na simu za mkononi, siku hizi hakuna anayekimbilia sauti. Nilipewa alama A.

Hata hivyo nilikuwa na adabu kidogo, nilipofika mahali pa mwano nikaupiga kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita kuku.

Mama wa miwani akainua kichwa.

"Rudia hapo. Huyo mama ameibiwa ng'ombe au ameibiwa kijiko? Mimi sijakuamini."

Sasa, mimi ndiye huwa siamini watu. Hakuna aliyewahi kunirudishia lile neno, na lilinichoma mahali nisipopajua. Nikawaza, nani ataitika, mwano si umekufa? Nikavuta pumzi kutoka tumboni kama tulivyofundishwa kwaya, nikaachia.

Jamani, ile sauti. Sikujua kama ninayo. Ilitoka ikaruka zizi, ikaruka miti ya minyaa, ikateleza juu ya maji ya majaruba, na kabla haijaisha nikasikia mwanamke mwingine upande wa magharibi akiipokea, sauti nyembamba zaidi, halafu mwingine mbele yake, halafu mwanaume, halafu wengine wawili kwa pamoja, na mwano wangu ukawa unakwenda, unabadilika koo kwa koo, unazidi kuwa mdogo na mzuri, mpaka ukawa kama kitu nilichokisikia usingizini zamani. Nilisimama pale mdomo wazi. Akili ilikuwa inaniambia shuka ukimbie uwaambie watu, na moyo ulikuwa unaniambia ngoja kidogo, sikiliza.

"Hapo sawa," mama wa miwani alisema, akaandika kitu. "Hapo sawa kabisa."

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Kulwa, jirani yetu, matope hadi magotini na kitita cha miche mkononi. Nyuma yake akina mama wengine watano, kisha vijana wenye fimbo, kisha Mzee Ngasa mwenyewe, kamanda wa sungusungu, filimbi shingoni, upinde mkononi, anahema kama mtu aliyebeba gunia. Mimi kwa mazoea nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wamepita wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Neno moja tu, hakuna ng'ombe, mnisamehe, nilikuwa naigiza. Lakini pembeni ya jicho niliiona simu, nikakumbuka sehemu mbili zilizobaki, nikakumbuka sekondari ya rafiki yake baba, chaki, kengele, maisha yangu yote mpaka kustaafu. Nikahesabu kwamba wakiondoka kwa robo saa tu nitamaliza, halafu nitawaomba radhi kwa utulivu, kama msomi.

Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea barabara ya mbugani.

"Kule."

Wakashuka wote kwa mbio, filimbi zinalia. Mama Kulwa alinishika bega, akaniambia, "Pole ng'wanone, pole mwanangu, watapatikana," akawafuata na miche yake.

Kwenye simu mama wa miwani alikuwa amesogeza uso karibu.

"Wale ni sehemu ya igizo?"

"Ndiyo," nilisema. "Ni kama kwaya."

Kwa hiyo katika dakika mbili nilikuwa nimewadanganya walioko chini na walioko kwenye simu, na cha ajabu nilijisikia vizuri. Waliniuliza kwa nini nataka chuo chao, nikajibu kwa ufasaha mkubwa. Nilisema nautafuta ukweli kupitia sanaa. Nilisema hivyo hivyo, maneno hayohayo. Kisha wakasema wimbo, na jua lilikuwa linainama, na maji yote chini yalikuwa yamegeuka rangi ya asali, nikafumba macho nikaanza. Wimbo ni wangu, unahusu msichana anayeangalia taa za mji kutoka mbali na kuzihesabu vibaya. Nilimaliza ubeti wa kwanza. Nilikuwa katikati ya ubeti wa pili niliposikia ng'ombe analia karibu yangu, tena kwa sauti inayogongana vibaya na yangu.

Nikafumbua macho. Walikuwa wamerudi, mara tatu ya wale walioondoka. Katikati yao alikuwepo mwanaume wa miaka kama thelathini, shati limechanika bega, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe, na nyuma yake ng'ombe wawili wekundu wanashangaa.

"Tumemkuta barabarani anawaswaga," alisema Mzee Ngasa. "Anasema anaitwa Shija, ni mtu wa Maganzo, amewanunua mnadani. Wote husema hivyo. Haya Minza, hawa ndio wenu?"

"Wanaonekana ndio wao," kijana mmoja alidakia huku akipigapiga rungu kwenye kiganja.

"Wewe umewahi kuwaona lini?" Mzee Ngasa alimuuliza.

"Mwizi si hujulikana usoni?"

Shija hakupiga kelele. Aliniangalia tu.

"Dada, niangalie vizuri. Umeniona wapi mimi?"

Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimwangalia, nikaliangalia lile rungu, nikaiangalia simu. Mwalimu mmoja alikuwa anatabasamu, anadhani kwaya imerudi kwa kishindo. Ubeti mmoja na nusu ulikuwa umebaki, na ninakiri hapa, nilifikiri. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili, lakini nilifikiri. Mpaka leo hizo sekunde ndizo aibu yangu yenyewe, hayo mengine ni vichekesho tu.

"Hajaiba," nilisema. "Hakuna aliyeiba. Nilikuwa naigiza. Nafanya usaili wa chuo."

Yule kijana akashusha rungu, na hata ng'ombe wakatulia.

"Kwa hiyo ng'ombe hakuna," alisema Mzee Ngasa polepole.

"Hakuna."

"Na mwizi hakuna."

"Hakuna."

"Na mwano?"

"Mwano ulikuwepo."

"Mimi nimeacha mbegu zangu kwenye maji," Mama Kulwa alisema, si kwa hasira, kama mtu anayejikumbusha.

Mzee Ngasa akapanda jabali, akachuchumaa mbele ya simu. Mama wa miwani akavua miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio mlimwambia apige?"

"Tulimwambia atoe sauti, mzee."

"Ameitoa," alisema Mzee Ngasa, akainuka kuwapisha wengine wamfungue Shija kamba. Nyuma yake nilimsikia yule mama akisema kwa upole kwamba muda wangu umekwisha. Baba alikuwa chini, karibu na zizi, ameshika jembe aliloshika alipousikia mwano (alikimbia kutoka shamba la mbali, akijua ni nyumbani kwake). Aligeuka akaenda kuwapa maji ng'ombe wa watu.

Ijumaa majibu ya chuo yalikuja, mistari mitatu. Walisifu igizo. Wimbo haukukamilika, kwa hiyo hawakuweza kunipa nafasi. Nilimpa baba simu asome mwenyewe. Alisoma, akanirudishia, akasema, "Jumatatu saa moja na nusu, pale sekondari. Vaa viatu vya kufunga."

Jumapili baada ya Misa nikaitwa kwenye baraza la sungusungu, uwanja wa shule ya msingi. Hukumu haikuchukua muda: nitawapikia wote waliokimbia, kwa mikono yangu, na nitatembea kila nyumba iliyoupokea mwano nikiomba radhi (zilikuwa nyingi kuliko nilivyoandika kwenye insha). Kisha Mzee Ngasa akamgeukia Shija, aliyekuwa ameitwa kutoka Maganzo, akamwambia aseme anataka nini, maana yeye ndiye aliyefungwa kamba.

Shija alifikiri sana huku akisugua kifundo cha mkono. Watu walitarajia aseme mbuzi.

"Ule wimbo," alisema.

"Wimbo upi?"

"Alionikamatisha ili auimbe. Nilisikia kipande tu, wakati naletwa. Nataka kuusikia wote."

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Basi nikasimama katikati ya uwanja, mchana kweupe, jua la utosini, hakuna taa, hakuna jukwaa, hakuna chuo, na shati la Shija sasa lina mshono mpya begani. Niliimba beti zote tatu. Wa kwanza niliukimbiza, wa pili nikapunguza mwendo, na wa tatu nikauimba kama nilivyokuwa nikiuota, nadhani. Mtoto mmoja alikohoa muda wote.

Nilipomaliza, Shija alisubiri kidogo, kama anayedhani kuna kingine kinakuja.

"Ndiyo huo tu?" aliuliza.

"Ndiyo huo."

Akatikisa kichwa, akavaa kofia yake, akawaaga wazee.

Sasa hivi ninafundisha historia na uraia, kidato cha kwanza na cha pili, viatu vya kufunga. Kuimba sijaacha, baba akitoka nyumbani naimba, na fomu za mwaka kesho nimeziona (hilo msimwambie). Lakini nimejiapia jambo moja: sauti ambayo watu huijibu kwa miguu yao, sitaitoa tena kwa ajili ya kusikilizwa tu.