Alijifungua kwa Kadi ya Kuazima

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kreti ya kwanza inamwagwa mezani na vipande vya barafu vinarukia aproni. Mi Rot Chan anamvuta kamba, anamng'oa kichwa, anamvua gamba kwa kidole gumba na kumtupa kwenye beseni. Kabla hujapepesa jicho keshamshika mwingine. Wanawake arobaini wamesimama mistari miwili katika mabuti ya mpira, poda ya gome la thanaka mashavuni, na midomo yao inafanya kazi kuliko mikono.

"Rot Chan, eti leo ndiyo unakwenda kujifungua?" anauliza mmoja kutoka ng'ambo ya meza.

"Naenda," anajibu bila kuinua uso.

"Miaka kumi na mitano tumboni! Huyo si mtoto tena, huyo tembo."

Meza nzima inaangua kicheko. Msimamizi anagonga mizani, kicheko kinashuka, lakini bado kinapita chini chini kama maji ya mtaro. Mi Rot Chan anacheka pamoja nao, maana asiyecheka huulizwa kulikoni. Hata hivyo shingo imemwingia mabegani.

"Wananitania kwa mapenzi," anamwambia mwandishi baadaye akiwa na kikombe cha chai mkononi. "Ila kila wakicheka natamani nijifunike lile beseni."

Ana miaka thelathini na minane. Amemenya kamba Mahachai, mji wa uvuvi wa Kithai, kwa miaka kumi na sita na kucha zake mbili zimekufa. Siku njema hupata baht mia nne. Siku ambayo meli hazikuleta kitu, nusu yake. Leo ameomba ruhusa ya nusu siku. Saa saba mchana anatakiwa ofisi ya wilaya, aseme mbele ya afisa kwamba binti anayejulikana na serikali kuwa wa jirani yake Mi Aye Non ni wa kwake yeye, na kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

Asipoaminiwa, binti huyo, Hongsa, atapoteza kibali cha kukaa nchini mwisho wa mwezi huu.

Uongo wenyewe ulianza kama msaada. Mi Rot Chan alipovuka mpaka kutoka kijijini kwao karibu na Mudon hakuwa na hata kipande cha karatasi. Mumewe alikwenda Malaysia na wenzake mimba ikiwa ya miezi mitano, na hadi leo hajaleta hata salamu. Mwenye kadi ya hospitali alikuwa jirani wa chumba cha pili, Mi Aye Non, aliyekatiwa bima na kiwanda chake.

Katika mtaa wa Wamon, watu wa kabila lake, pale Mahachai, siku hizo kadi ya hospitali ilikuwa kama mwavuli wa nyumba: anayekwenda mvuani ndiye anayeubeba. Kadi moja iliweza kutibu malaria ya huyu, jino la yule na jipu la mwingine, wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyeona ni dhambi. Uchungu ulipomshika Mi Rot Chan, Aye Non alimfungia kadi kwenye kona ya saruni na kumpandisha pikipiki.

"Picha yangu pale kwenye kadi nimejipaka thanaka mpaka kwenye pua," anakumbuka Aye Non, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye meno mekundu ya tambuu na neno la kuchekesha kwa kila jambo. "Hata mama yangu mzazi asingenitambua. Nikamwambia, nenda, leo wewe ndiye mimi. Zaa vizuri usinivunjie heshima."

Nesi aliuliza jina la mama. Mi Rot Chan akataja jina la jirani yake. Siku ya tatu alirudi nyumbani na mtoto wa kike wa kilo tatu kasoro, na cheti cha kuzaliwa kilichosema kwamba mama wa mtoto huyo ni Mi Aye Non.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mi Rot Chan alificha jina, akazaa salama, na malipo ya kuficha yakaja baadaye, kidogo kidogo.

Yalianzia shuleni. Aliyeitwa kusaini ni Aye Non. Aliyepigiwa simu mtoto akiugua ni Aye Non. Kila mwaka mwezi wa nane, siku ya akina mama, shule hupanga viti ukumbini, akina mama hukaa, na watoto hupiga magoti kusujudu miguuni pao na kuwapa maua ya asumini. Kiti cha mama wa Hongsa alikikalia Aye Non. Mi Rot Chan alisimama nyuma kabisa, pamoja na mashangazi na wauza juisi, akipiga makofi.

"Mwaka wa kwanza nililia, nikasema ni vumbi," anasema. "Wa pili nilikwenda kazini. Wa tatu nikarudi, maana kutokwenda kuliniuma zaidi."

Aye Non naye hakukaa raha. "Mimi sikujaliwa mtoto," anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Nikikaa kile kiti, nusu yangu inaona aibu, nusu inafurahi. Hiyo nusu inayofurahi ndiyo ilikuwa inanitisha."

Mambo yangeendelea hivyo, kama si mama mzazi wa Aye Non kupooza mwezi uliopita. Aye Non lazima arudi kwao mwisho wa mwezi huu kumwuguza, na hajui kama atarejea. Hapo ndipo wanawake hawa wawili walipokaa sakafuni, sufuria ya mchuzi wa majani ya choya ikipoa katikati yao, na kugundua wamejifunga wenyewe kamba shingoni.

Mbio za kwanza ziliishia kwa dalali wa karatasi anayekaa karibu na soko. Aliwaambia ni jambo dogo: mtoto wa zamani atangazwe kuwa amepotea, wanunuliwe cheti kipya kutoka upande wa pili wa mpaka. Mi Rot Chan alikuwa tayari. Kilichomzuia ni Hongsa mwenyewe.

"Mama, mimi nimepotea wapi?" aliuliza binti huyo, na kwa siku mbili hakuzungumza na mtu. Siku ya tatu alileta jina la wakili alilopewa na mwalimu wake.

Ofisi ya Wakili Orawan iko juu ya duka la kutengeneza simu, ngazi nyembamba, feni moja. Orawan ni mama mfupi wa miaka hamsini anayekula embe bichi kwa chumvi huku akisoma mafaili ya watu. Mi Rot Chan alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Dada wakili, mimi nitafungwa?"

"Sijui. Sidhani. Nieleze kwanza, tutaogopa baadaye."

Akaeleza. Wakili akasikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole, kisha akamfafanulia kwa lugha ambayo hata mtu wa darasa la pili angeifuata. Mtoto wa mfanyakazi mgeni hukaa nchini kwa mgongo wa mzazi mwenye kibali. Kwenye karatasi, mgongo wa Hongsa ni Aye Non. Siku Aye Non akigongewa muhuri wa kutoka, Hongsa hana tena mgongo, hata kama mama yake mzazi amelala chumba kimoja naye na sasa ana kibali chake halali mfukoni.

"Na yule dalali?" aliuliza Mi Rot Chan.

"Uongo wako wa kwanza una dawa, mdogo wangu. Ulikuwa na uchungu, ulikuwa na hofu, afisa ni binadamu. Ukinunua wa pili, hata mimi nitakukimbia."

Dawa yenyewe haikuwa tamu. Kipimo cha damu cha mama na mtoto. Ushahidi wa mwenye nyumba aliyeliona lile tumbo likikua. Tamko la Aye Non kwamba hakuzaa. Halafu ombi la kusahihisha cheti, pamoja na ombi la pili ambalo Mi Rot Chan hakujua kama lipo duniani: Hongsa asiguswe mpaka la kwanza liamuliwe. Hilo la pili, wasaka vibali wengi hawalijui, na madalali hawana faida ya kuwaambia.

Wakili alimwonya pia jambo moja. Afisa atauliza kama amewahi kumkana mtoto huyu mbele ya mtu wa serikali. Alimwuliza yeye mwenyewe mara tatu, siku tatu tofauti.

"Hapana," alijibu mara zote tatu.

Saa saba na robo, Mi Rot Chan ameketi mbele ya afisa wa wilaya. Amenawa kwa ndimu mara mbili na bado ananuka kamba. Anaficha mikono chini ya meza. Kulia kwake yuko wakili. Nyuma wamekaa Aye Non, mwenye nyumba, na Hongsa katika sare ya shule, begi mapajani. Afisa ni mwanamume mtaratibu mwenye miwani, anaandika kwa vidole viwili.

Anaanza na Aye Non. Anamsomea tamko: mimi si mama wa mtoto huyu, sikumbeba, sikumzaa. Aye Non anachovya kidole kwenye wino na kidole kinabaki hewani.

"Mama, kuna kosa kwenye maandishi?" anauliza afisa.

"Hakuna, baba. Kosa ni mkono, mzito kidogo leo." Anakandamiza kidole. Kisha anageuka. "Haya, Hongsa. Sasa mimi nani wako?"

"Mama mkubwa," anasema binti. "Kama siku zote."

Majibu ya kipimo yamo kwenye faili na hayana utata. Afisa anauliza tarehe, hospitali, pikipiki, kadi. Mi Rot Chan anajibu kwa sauti inayozidi kupungua, kiasi cha kuombwa arudie. Ndipo swali linapokuja.

"Umewahi kumwambia afisa yeyote kwamba mtoto huyu si wako?"

Wakili keshaanza kufungua ukurasa unaofuata.

"Ndiyo," anasema Mi Rot Chan.

Kalamu ya wakili inasimama. Mi Rot Chan hamtazami. Anaitazama meza na kusimulia yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Ilikuwa sokoni, Hongsa akiwa na miaka saba, amebeba mfuko wa ukwaju. Askari alikuwa anakagua vibali. Cha kwake kilikuwa sawa. Askari akauliza, huyu mtoto wako? Akikubali, ataambiwa alete cheti, na cheti kina jina la mwingine, na hapo angeweza kuitwa mwizi wa watoto.

"Nikasema, hapana afande, wa jirani. Akamwuliza mtoto, mama yako nani? Hongsa akaniangalia. Akasema, Aye Non. Askari akatuacha. Nikamnunulia aiskrimu."

Afisa anaandika taratibu, vidole viwili, neno kwa neno, na kila neno linasikika likigongwa. Aibu imemtoa Mi Rot Chan jasho mpaka mgongoni mwa blauzi.

Afisa anamtazama binti juu ya miwani. "Unalikumbuka hilo?"

"Nalikumbuka."

"Ulijua mama yako ni yupi?"

"Nilijua. Nilijua anamwogopa askari. Mimi pia nilimwogopa." Hongsa anavuta zipu ya begi, anairudisha. "Nikawa nasubiri tufike nyumbani aniambie haikuwa kweli. Tukafika. Akapika."

Afisa akachapisha karatasi tatu, akaonyesha pa kusaini, akagonga muhuri kwenye ombi la pili. Uamuzi wa cheti utachukua kama siku arobaini na tano. Hadi hapo Hongsa hatatolewa nchini, Aye Non awepo asiwepo.

Chini kwenye maegesho ya pikipiki, wakili alimvuta Mi Rot Chan pembeni. "Nilikuuliza mara tatu."

"Niliona haya, dada."

"Kesi kama hizi huwa zinafia hapo. Ungekana, halafu wakaligundua wenyewe, kila ulichosema kingeoza." Hasira ikampungua. "Umefanya vizuri. Ila siku nyingine haya yako uilete kwangu kwanza, ndiyo kazi ninayolipwa."

Faini inaweza kuja, alimweleza, na uamuzi si wake. Yeye si mganga, haahidi. Lakini kwa faili lilivyo sasa, angeshangaa sana wakikataa.

Jioni Mi Rot Chan ameketi kibarazani akimenya vitunguu saumu, maana mikono hiyo haijui kukaa bure. Ndani, Hongsa anamsaidia Aye Non kukunja nguo za safari na wawili hao wanazozana kuhusu sweta. Mwandishi anamwuliza atafanya nini cheti kipya kikitoka.

Anasema kusoma Kithai hajui. Atampa Hongsa amsomee pale palipoandikwa jina la mama, polepole, mara mbili ikibidi. Anataka binti amalize sekondari, asomee uuguzi, awe yeye sasa anayeuliza wagonjwa majina yao. Mpango huo anautaja haraka haraka, kama mtu aliyeukariri.

Kisha anaweka kisu chini.

"Nimemwambia wakili. Nimemwambia afisa. Na wewe mwandishi nimekwambia, utawaambia watu wote," anasema. "Yeye mwenyewe sijamwambia kwamba lile la sokoni halikuwa kweli. Leo pale nilikuwa namjibu afisa, sikuwa nazungumza na mwanangu."

Jumapili kiwanda kinafungwa. Siku hiyo, anasema, Aye Non akienda sokoni kununua zawadi za nyumbani, watabaki wawili chumbani. Safari hii ataanza kwa kusema, kupika baadaye.