Mama Aliyeshinda kwa Karata Mbovu

Jumanne tulipanga foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, Mkuyuni. Karani mstaafu wa shamba la mkonge, wa kwanza kwenye foleni, alitoa karata akatufundisha poka, mchezo wa kushindania karata zinazofanana, aliosema ni wa Wamarekani. Mzee wa Kihindi muuza vitambaa akabisha kwamba ulitoka Uajemi. Sikujua nimwamini nani.

Mama mmoja, mkulima wa kabichi kutoka mlimani, alikuwa wa mwisho, na sukari ilikuwa kidogo. Alizitazama karata zake, akatabasamu.

"Mzee, tuwekeane dau nafasi zetu kwenye foleni. Ukishinda, narudi mlimani mikono mitupu. Ukiogopa ukaacha, umeshindwa."

Karani alimkazia macho. Mama hakupepesa. Jasho likamtoka karani, akatupa karata chini. Zilikuwa na wafalme watatu! Mama akafunua zake: hata mbili hazikufanana.

"Sasa umeshinda kwa karata gani?"

"Si wewe umeacha, mzee?"

Akaenda mbele, karani akaenda mwisho. Sukari iliisha kabla karani hajafika dirishani. Nilimkuta amechuchumaa, anazikagua karata za yule mama moja moja, nami nikainama kumsaidia kutafuta kilichowashinda wafalme watatu.

Hatukuona kitu.