Mkono wa Jumamosi

Tangu kinyozi wa mtaa aondoke kibandani mwake, mkasi umenyamaza na mkewe hana nywele za kufagia. Kila mteja alipokaa, kinyozi aliupuliza wembe kwanza, akainamisha kichwa cha mteja kwa vidole viwili, kisha akanong'ona, "Tulia mzee, shingo ni yako, jina ni langu." Alikuwa na saratani ya damu, na vidonge vyake vilimkaza misuli ya vidole. Kwa hiyo kila Jumamosi, wateja wakijaa, alikificha kidonge chini ya ulimi, mkewe akigeuka akakitema. Mkewe, asijue, alimsifu: "Leo mkono umetulia, baba watoto." Naye aliishia kutabasamu, macho kwenye wembe. Miaka ikapita hivyo, hadi daktari alipowaeleza kwamba jeni za seli za saratani zimebadilika, zikabadilika tena, na dawa haizishiki. Huenda siku za kuruka dawa ndizo zilizozipa mwanya. "Nimenyoa mtaa mzima," kinyozi alisema taratibu, "seli hizi tu ndizo zilizonikwepa." Ndipo akamwambia mkewe habari za Jumamosi. Mkewe alikishika kiganja kile alichokuwa akikisifu. Sasa kinyozi yuko wodini, kitanda cha dirishani, na anayemnyoa ni muuguzi.